Vipuri Vinane, Kompyuta Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Kompyuta ya Kwanza ya Gemu

Kisa kinachochambuliwa hapa kinamhusu kijana wa Unguja aliyetaka kujiungia kompyuta ya kuchezea gemu kwa mara ya kwanza, akiwa na njia mbili za kupata vipuri. Prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, na kadi ya michoro, inayotengeneza picha za kwenye kioo, zingenunuliwa Muscat na mjomba wake anayefanya kazi huko, kisha apewe mtu anayekuja likizo azilete. Vilivyobaki vingetoka Kariakoo, vingine vipya na vingine vya mtumba, na kuvushwa kwa boti. Mpango huo ulikuwa na nafuu ya bei, lakini ulikuja na sharti gumu, kwamba hakuna kipuri kitakachorudishwa dukani. Kadi isiyofaa ikishatua Unguja imeshatua, na duka la mtumba likitoa dhamana ya wiki moja mnunuzi ashukuru. Suala la vipuri kuoana ilibidi limalizwe kwenye karatasi kabla fedha haijatoka mfukoni, na ndiyo sababu orodha yake ilinifikia mimi kwanza.

Orodha ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 5600. Bodi mama ya mtumba, yaani ile inayobeba vipuri vingine, yenye chipseti (chipu inayoratibu bodi) ya B450, ya ukubwa wa micro-ATX. Kadi ya michoro ya Radeon RX 6500 XT yenye GB 4. Kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya kazi) ya DDR4 cha GB 16. SSD ya NVMe ya GB 500, yaani diski ya kasi ya kuhifadhia mafaili. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500. Kasha la Dell OptiPlex ya ofisini alilopewa bure. Na monita ya inchi 19 ya baba yake, yenye tundu la VGA pekee. Alitaka kucheza GTA V, Valorant na gemu za mpira, na kurekodi vipande vya kuwaonyesha wenzake.

Ukikitazama kipuri kimoja kimoja, hakuna ambacho fundi angekikataa papo hapo. Kila kimoja kina mahali kinapofaa. Matatizo yalikuwa kwenye maungio, na hayakuwa na uzito sawa. Kuna kipuri kinachokataa kuingia, na hicho hujitangaza chenyewe mezani. Kuna kinachoingia vizuri lakini mashine isiwake. Halafu kuna kinachoingia, mashine ikawaka, gemu ikafunguka, ila kazi ikawa inafanyika nusunusu kwa miaka bila mwenye kompyuta kujua kwamba amenunua kitu na kukifungia nje. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokula pesa zaidi, na ndiyo ambayo muuzaji hana sababu ya kuitaja, kwa kuwa mteja wake harudi kulalamika. Orodha hii ilikuwa na zote.

Tuanze na prosesa na bodi, kwa kuwa ndipo kijana mwenyewe alipokuwa na wasiwasi. Muuzaji alipoulizwa kwa simu kama bodi yake inakubali Ryzen 5 5600 alijibu, "AM4 ni AM4 tu, bosi." Kwa upande wa soketi, yaani tundu la bodi linalopokea prosesa, alikuwa sahihi. AMD ilianza kuuza prosesa za Ryzen kwenye soketi ya AM4 mwaka 2017 na ikaishikilia soketi hiyo kwa miaka mingi, kiasi kwamba Ryzen 5 5600 iliyotoka mwaka 2022 ina pini zilezile 1,331 na hukaa kwenye bodi ya mwaka 2018 bila kulazimishwa. Lakini kukaa kwenye soketi si kutambuliwa. Bodi za B450 zilitoka mwaka 2018, na prosesa za familia ya 5000 zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2020, hivyo BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoiamsha kompyuta, ikiwa iliandikwa kabla ya hapo haiijui prosesa hii kabisa. Hata AMD yenyewe ilitangaza Mei 2020 kwamba bodi za B450 hazitapewa uwezo wa kuzipokea, kisha ikabadili msimamo ndani ya mwezi huohuo baada ya wateja kupiga kelele. Matokeo yake ni kwamba bodi mbili za B450 zilizowekwa rafu moja, za kampuni moja na jina moja, zinaweza kutofautiana: moja ilisasishwa na mwenye nayo wa zamani, nyingine haijaguswa tangu itoke kiwandani.

Dalili za kosa hili humchanganya anayeunga kompyuta kwa mara ya kwanza, kwa sababu feni huzunguka na taa huwaka kama kawaida huku kioo kikibaki cheusi. Kioo cheusi kinaweza kumaanisha RAM haijakaa sawasawa, kebo ni mbovu, kadi imekufa au BIOS haiitambui prosesa, na hakuna namna ya kutofautisha kwa macho. Jambo linazidi kuwa gumu kwa kuwa Ryzen 5 5600 haina michoro ya ndani: tundu la HDMI lililo kwenye bodi halitatoa picha hata kila kitu kikiwa kizima, na kebo ya monita lazima ichomekwe kwenye kadi. Nimeshaona kompyuta nzima ikifunguliwa upya kwa sababu tu kebo ilichomekwa kwenye tundu lisilo na kazi.

Kijana aliombwa kwanza apate jina kamili la bodi pamoja na nambari ya toleo iliyochapishwa pembeni mwake, kwa kuwa kampuni nyingine huuza bodi za jina moja zenye matoleo tofauti. Kwa jina hilo aliangalia kwenye ukurasa wa mtengenezaji orodha ya prosesa zinazokubalika, ambayo huonyesha Ryzen 5 5600 inaanza kutambuliwa na BIOS ya nambari gani. Kisha muuzaji aliombwa aiwashe bodi kwa prosesa ya zamani aliyonayo dukani na apige picha ya ukurasa wa BIOS. Picha ilipokuja ilionyesha BIOS ya mwaka 2019. Bodi hiyo haikuwa na kitufe cha kusasishia BIOS bila prosesa, ambacho baadhi ya bodi za B450 zinacho, kwa hiyo kuisafirisha hivyohivyo hadi Unguja kungekuwa kuileta mahali ambapo hakuna prosesa ya zamani ya kuiamshia. Muuzaji alikubali kuisasisha palepale kwa malipo kidogo, na picha ya pili ilitangulia malipo ya bodi. Ni vizuri kujua pia kwamba chipu ya BIOS ya baadhi ya bodi hizi ina nafasi ndogo, na watengenezaji wengine waliondoa humo utambuzi wa prosesa za mwanzo ili kuzipisha mpya. Baada ya kusasisha, si lazima bodi irudi kuiwasha prosesa ya zamani, na hilo lisimshtue mtu.

Picha zilizotumwa zilionyesha jambo jingine ambalo hakuna aliyeliuliza. Nyuma ya bodi, chini ya soketi, hapakuwa na bamba la chuma. Ryzen 5 5600 ya kwenye boksi huja na kipoza joto chake, Wraith Stealth, chenye skurubu nne za springi zinazopita kwenye bodi na kuingia kwenye bamba hilo. Ili kukifunga, vishikizo viwili vya plastiki vilivyo juu huondolewa kwanza, na vikishaondolewa bamba la nyuma huanguka lenyewe. Ndivyo linavyopotea kwenye bodi nyingi za mtumba: mwenye nayo wa kwanza alitumia kipoza chenye bamba lake, akalitupa hili. Bila bamba, prosesa haina cha kuipoza. Lilipatikana lingine kwa bei ya chai, lakini siku ya kuunga lingekosekana na duka liko ng'ambo ya bahari.

Sasa tuje kwenye kadi ya michoro, ambayo kijana hakuwa na shaka nayo hata kidogo na ambayo kwa maoni yangu ndiyo ilikuwa kosa kubwa la orodha nzima. RX 6500 XT ilitoka Januari 2022. Kwa umbo inajaza sloti ndefu ya PCIe, tundu la bodi la kuchomekea kadi, yenye njia 16 za kupitishia data, lakini ndani imeunganishwa kwa njia nne tu. Kila njia ya PCIe 4.0 hupitisha takriban GB 2 za data kwa sekunde kwenda upande mmoja, na ya PCIe 3.0 hupitisha nusu yake. Kwenye bodi ya B550, chipseti iliyoifuata B450, yenye PCIe 4.0 katika sloti ya kwanza, njia nne hizo hutoa kama GB 8 kwa sekunde. Bodi ya B450 mwisho wake ni PCIe 3.0, kwa hiyo kadi ileile hubaki na kama GB 4.

Kwa kadi yenye kumbukumbu kubwa, upungufu huo usingeuma sana, kwa sababu picha na maumbo ya gemu hupakiwa mara moja na kukaa ndani ya kadi. Kadi hii ina GB 4 za kumbukumbu, na gemu za miaka ya karibuni huzijaza bila shida. Zikishajaa, kilichozidi huhamia kwenye RAM ya kompyuta na kuwa kinapita huku na huko kwenye njia zilezile nne zilizokwisha punguzwa. Mchezaji haoni ujumbe wowote wa kosa. Anaona fremu (picha kwa sekunde) 60, mara 22, mara 55 tena, hasa anapoendesha gari kwa kasi na mtaa mpya kulazimika kupakiwa, na atalaumu gemu, atalaumu Windows, atalaumu joto la chumba. Yaani udhaifu wa kadi na udhaifu wa bodi vimekutana mahali pamoja, ingawa muuzaji wa kadi na muuzaji wa bodi kila mmoja amesema kweli.

Tena kadi hiyo haina saketi ya kurekodi video. Kurekodi mchezo kungeiangukia prosesa, wakati prosesa hiyohiyo inaendesha gemu. Kwa mtu aliyesema tangu mwanzo kwamba anataka kurekodi, hilo peke yake lingetosha kuiondoa kwenye orodha.

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na kadi na kubadili bodi iwe B550. Ya pili ni kubaki na bodi na kubadili kadi iwe RX 6600. Njia ya kwanza ilimvutia kijana kwa kuwa bodi mpya inapendeza na ina mustakabali, lakini ingeponya nusu tu ya ugonjwa: njia zingekuwa pana, kumbukumbu ingebaki GB 4, na kurekodi kungebaki pale pale. Nilipendekeza ya pili bila kusita. RX 6600, iliyotoka Oktoba 2021, ina GB 8 za kumbukumbu, ina njia nane na ina saketi ya kurekodi. Kwenye B450 njia nane hizo hutoa kama GB 8 kwa sekunde, nusu ya zile ambazo B550 ingempa, lakini kwa kuwa kumbukumbu yake haijai upesi, hasara inayoonekana kwenye gemu nyingi ni ndogo. Kijana alimpigia mjomba wake usiku huohuo: "Shikamoo, mjomba. Ile kadi usiichukue kwanza, nakutumia jina jingine." Tofauti ya bei ilifidiwa kwa kuachana na wazo la bodi mpya.

Wazo jingine lilijitokeza katikati ya majadiliano, la kuchukua Ryzen 5 5600G badala ya 5600, ili kompyuta ipate picha hata kabla ya kadi kufika. Kwa anayekusanya fedha kidogokidogo ni wazo la maana. Ila 5600G ina kumbukumbu ya akiba, ile ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, ya MB 16 badala ya MB 32, jambo ambalo gemu hulihisi, na yenyewe inaishia PCIe 3.0 hata ukiiweka kwenye bodi ya B550. Kwa kuwa kadi na prosesa vingesafiri katika begi moja, faida yake haikuwepo.

Msomaji makini atauliza kama monita ya inchi 19 inastahili kadi ya namna hiyo. Swali ni la haki. Monita ile ina nukta 1440 kwa 900 na huonyesha fremu 60 kwa sekunde, na kwa ukubwa huo hata kadi dhaifu hupumua. Hata hivyo kumbukumbu ya kadi haijazwi na nukta za kioo peke yake. Ubora wa picha za gemu huijaza vilevile, na huo kijana hakutaka kuushusha. Zaidi ya hapo, monita ilikuwa kitu cha kwanza alichopanga kukibadili. Kilichohitaji ufumbuzi wa haraka ni tundu. RX 6600 hutoa HDMI na DisplayPort, na zote mbili ni ishara za kidijitali; VGA ni ya analogia, hivyo kebo ya kawaida haiwezi kuziunganisha. Kinatakiwa kigeuzi chenye chipu ndani, cha kutoka HDMI kwenda VGA, na lazima kiwe cha upande huo, maana vya upande wa pili vinauzwa kaunta hiyohiyo na kwa sura vinafanana.

RAM haikuchukua muda. Kijiti kimoja cha GB 16 kilibadilishwa kuwa viwili vya GB 8, ili prosesa isome kutoka njia mbili kwa pamoja. Kubaki na kijiti kimoja ni mfano mwingine wa hasara isiyolalamika. Huwekwa kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kama bodi ina sloti nne. Kijana alikuwa na kijiti cha laputopu ya kaka yake akadhani kitaongezea. Hicho ni kifupi na hakiingii kabisa, na RAM ya DDR5 nayo haiingii, kwa kuwa pengo lake limekaa mahali pengine. SSD ya NVMe haikuwa na neno, isipokuwa aliambiwa asilipie zaidi kwa ajili ya maandishi ya "PCIe 4.0", kwa sababu bodi yake ingeiendesha kwa kasi ya 3.0 tu.

Pawa saplai inahitaji kutazamwa kwa karibu. Ubavuni ilikuwa na maandishi makubwa ya wati 500, na chini yake jedwali dogo ambalo wanunuzi wengi hawalisomi. Katika safu ya volti 12 iliandikwa ampea 18. Kompyuta ya gemu hula karibu umeme wake wote kutoka kwenye volti 12, na hesabu yake ni kuzidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Ndizo wati zake za kweli kwa kazi hii, ikiwa hata hizo ni za kweli. RX 6600 imepangiwa wati 132, na kwa sehemu ndogo za sekunde huvuka hapo. Prosesa imepangiwa wati 65 na yenyewe huvuka kidogo. Bodi, SSD na feni zina mgao wao. Jumla inafika au kupita wati 216 mara gemu inapopamba moto, na hapo kompyuta hujizima ghafla, au pawa saplai hufa na kuondoka na kingine.

Kulikuwa na ishara nyingine iliyotosha kutoa hukumu hata bila hesabu. Pawa saplai hiyo haikuwa na waya wa pini nane wa kadi ya michoro. Muuzaji alijitolea kutoa adapta ya kuunganisha kwenye nyaya za Molex, zile za diski za zamani. Sloti ya PCIe hutoa hadi wati 75 na waya wa pini nane hutoa hadi wati 150. Kuubebesha mzigo huo waya mwembamba ambao haukupangiwa ni kukaribisha plastiki iyeyuke. Pawa saplai isiyo na waya huo inakuambia yenyewe kwamba hakuna aliyeitarajia iendeshe kadi. Ilibadilishwa kwa ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze, ya kutopoteza umeme mwingi, ambayo jedwali lake lilionyesha ampea 43 kwenye volti 12, yaani wati 516. Hapa ndipo peke yake niliposhikilia kipuri kinunuliwe kipya. Bodi ya mtumba ikifa hufa yenyewe.

Kuhusu kasha la OptiPlex maneno ni machache. Lilikuwa lile jembamba, lililotengenezwa kwa bodi ya Dell na pawa saplai ya Dell, na mashimo yake ya skurubu hayalingani na bodi ya micro-ATX ya milimita 244 kwa 244. Kadi ya kimo kamili nayo isingesimama ndani. Bure yake ilikuwa ghali. Lilinunuliwa kasha jipya la micro-ATX lenye wavu mbele, kwa kuwa chumba hakina kiyoyozi na hewa ya Unguja inaingia ndani ya kasha ikiwa tayari na joto.

Vipuri vyote vilipokutana mezani, kuunga kulichukua jioni moja. Kioo kiliwaka kwa mara ya kwanza bila mikasa, lakini BIOS ilionyesha RAM iko kwenye 2400 badala ya 3200 iliyoandikwa kwenye kijiti, kwa kuwa kasi hiyo haiji yenyewe; XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa, iliwashwa na ikakubali. TPM ya ndani ya prosesa na Secure Boot, vyote viwili vya usalama, viliwashwa pia, kwa sababu Valorant haifunguki kwenye Windows 11 bila hivyo viwili. Kilichobaki ni UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Kijana alikuwa ameiona ya VA 650 akadhani ni wati 650, ilhali UPS nyingi za ukubwa huo hubeba wati 360 hadi 390. Kwa mashine hii na monita yake zinatosha, ila ni za kumpa dakika chache za kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika, si za kumalizia mechi.

Wiki chache baadaye aliuliza kama mwakani anaweza kuitoa Ryzen 5 5600 na kuweka Ryzen 7 5700X3D. Soketi inakubali, na pawa saplai ina nafasi ya kutosha. BIOS itabidi iangaliwe upya, kwa kuwa prosesa hiyo ilitoka Januari 2024. Imepangiwa wati 105, hivyo kipoza chake cha sasa hakitaiweza, na vipoza vya mnara vyenye feni ya milimita 120 vingi vina kimo cha kati ya milimita 150 na 160. Kasha lake linaruhusu milimita 150. Nimemwambia achukue rula apime mwenyewe kutoka kwenye bodi hadi kwenye ubavu wa kasha, kisha anitumie jibu kabla hajamwambia mjomba lolote.